Malalamiko: Mashine ya koyote iliyouzwa kwa picha ya bobkati

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: KASORO ZA MASHINE YENU YA KUITIA WANYAMA

Ndugu Meneja,

Tulinunua kwenu mashine tatu za toleo moja, zinazopiga milio ya mawindo ili kumvuta mnyama kwa mwindaji, na zote tatu zina kasoro zilezile, kwa hiyo tusiambiwe kwamba tumeangukia moja mbovu. Kwenye boksi mmeweka picha ya bobkati, paka mwitu mwenye mkia kigutu, na mmeandika kuwa mashine imetengenezwa mahususi kwa ajili yake. Tunaitumia kusini mwa Texas, kwenye vichaka vya meskwiti (ndugu wa ile mathenge inayowasumbua wafugaji wa Baringo). Tunachokiona ni mashine ya koyote (mbwa mwitu mdogo wa Amerika Kaskazini) iliyobadilishwa picha.

Bobkati haji kama koyote. Koyote akisikia sungura analia huja mbio, mara nyingi ndani ya robo saa. Bobkati hunyata kichaka hadi kichaka, huketi akatazama, kisha husogea tena, na ndiyo maana anayemjua humsubiri dakika 30 hadi 45 mahali pamoja. Muda wote huo sauti isikatike, kwa sababu ikikatika hamu humwisha, na hapo hujilaza palepale au hugeuka akaenda zake. Sasa faili zenu za kigogota na za sungura mdogo, ambazo ndizo milio myembamba anayoipenda, zina sekunde 90 tu. Kila zinapojirudia kuna kimya cha sekunde tatu na mlio wa “tik” kwenye spika. Kwa dakika 40 hiyo ni mara 25 hivi. Tumezikagua faili zenyewe kwenye kompyuta na hazina kimya hicho. Programu ya mashine ndiyo inayozima kikuza sauti kila faili inapoisha, kisha inakiwasha upya.

Kasoro kubwa kuliko zote ni ya umeme. Mashine inatumia betri nane ndogo za AA zilizounganishwa mfululizo. Za alkalini zikiwa mpya hutoa volti 1.5 kila moja, jumla 12. Za kuchaji za nikeli hutoa 1.2, jumla 9.6, na hukaa hapo karibu muda wote wa kazi yake. Tumepima kwa mita: mashine yenu inajizima volti zikishuka hadi 9.6. Maana yake betri ya kuchaji inahesabiwa imekwisha wakati bado ina chaji nyingi, ingawa kitabu chenu kinasema zinafaa. Betri hizo zinaweza kutumika bila madhara hadi volti moja kwa kila betri, yaani 8 kwa zote.

Kwa alkalini tatizo huja na baridi. Alfajiri za Januari ukinzani wa ndani wa betri hupanda, yaani betri hutoa umeme kwa shida. Sungura akipiga ukelele sauti ikiwa juu, spika huvuta mkondo mkubwa kwa nukta moja, volti huporomoka chini ya 9.6, na mashine inazimika katikati ya kilio. Ukiiwasha tena, inaanza na sauti ya juu kabisa badala ya kiwango ulichokiacha. Paka aliyekwisha kufika mita 40 hashawishiki tena baada ya hapo.

Rimoti mmeiandikia mita 270. Mashine ikiwekwa chini nyuma ya kichaka chenye umande, inapokea hadi mita 70 tu. Tulipoitundika kwenye tawi, mita moja kutoka ardhini, ilifika 160. Antena mmeilaza ndani ya kasha, ubavuni mwa sumaku ya spika, na hakuna sehemu ya kuchomeka ya nje.

Chambo bandia kinachopepea juu ya kijiti kingetusaidia sana, maana bobkati huwinda kwa macho na masikio kuliko kwa pua. Lakini gia zake za plastiki zinakereza kiasi cha kusikika hatua 30, na hakina mpangilio wa kupepea kisha kutulia. Kinazunguka bila kukoma kama feni.

Kitabu chenu nacho kinaelekeza kuhama baada ya dakika 15, jambo ambalo ni la koyote, na kinasema kuwinda bobkati ni halali “kokote Marekani”. Si kweli. California ilipiga marufuku uwindaji huo kwa sheria iliyoanza mwaka 2020, na hata hapa Texas, ambako hakuna msimu wa kufungwa, ngozi haiuzwi wala kutolewa nje ya jimbo bila lebo ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini. Mteja anayewaamini anaweza kuishia mahakamani.

Tunaomba programu mpya itakayorudia sauti bila mwanya, itakayozima mashine kwenye volti 8, na itakayokumbuka kiwango cha sauti. Tunaomba pia antena ya nje na mota nyingine ya chambo kwa mashine zote tatu, bila malipo. Kama hamuwezi ndani ya siku 30, turudishieni fedha zetu zote pamoja na gharama ya kusafirisha. Risiti, namba za mashine na vipimo vya mita tumeviambatanisha.

Wenu,

Wawindaji watatu,
Texas Kusini