Barua kwa Zuhura, Pangani

Fuoni, Unguja

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, na mama anakusalimu sana.

Umeniuliza kwa nini kila mwaka nahangaikia ruhusa za wazazi niwapeleke wanafunzi kisiwa cha Chumbe, kwenye hifadhi ya matumbawe, na ilhali picha za matumbawe zimo kitabuni. Basi sikiliza. Watoto hawa wamezaliwa kisiwani na samaki wanakula kila siku, lakini wengi hawajui kuogelea, hasa wasichana. Matumbawe wanayoyajua ni mawe ya kuta za Mji Mkongwe. Ukiwaambia ni wanyama, wanakutazama tu.

Kule wanavaa majaketi ya kuelea na miwani ya kuzamia, wanaingia majini na walinzi wa kisiwa, ambao baadhi yao walikuwa wavuvi. Aliyewahi kutega nyavu ndiye anayewaeleza kwa nini uvuvi umefungwa pale tangu 1994: samaki wakiachwa wakue na kuzaana, huvuka mpaka wa hifadhi, na wavuvi walio nje huwavua. Mtoto wa mvuvi hilo analishika papo hapo. Mimi ubaoni nilikuwa nalizungusha wiki nzima!

Wanajifunza pia kwamba ndani ya matumbawe huishi mwani wadogo mno wanaoyalisha kwa nguvu ya jua. Bahari ikizidi joto mwani hutoka, matumbawe yanabaki meupe, na joto lisiposhuka yanakufa, kama yalivyokufa mengi mwaka 1998.

Kazi kubwa, shoga, ni wazazi. Wanauliza binti atavaa nini, nani atakuwa naye majini. Wana haki kuuliza. Nawaendea nyumbani, nawaambia ataingia na nguo zake ndefu na mtandio wake, nami nitakuwa ubavuni mwake. Nikituma karatasi tu ya kutia saini, wasichana wanabaki nyumbani na wavulana wanakwenda. Hilo silikubali hata kidogo.

Nanyi mnacho kisiwa cha Maziwe hapo mbele yenu! Kasa bado wanataga, na mayai yanahamishiwa ufukweni Ushongo kwa kuwa maji yakijaa kisiwa chote kinafunikwa. Wanafunzi wako wangapi wamelishuhudia hilo? Anza na darasa moja. Ulizia nauli ya mashua, angalia siku za maji kupwa, kisha niandikie. Barua ninayowapelekea wazazi nitakunakilia, na likizo nikijaaliwa nitakuja tuwaendee pamoja.

Wako akupendaye,
Mwanaidi