Risala ya mafundi na wanagenzi wa usonara kwa Mgeni Rasmi, Mji Mkongwe, Unguja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafundi wetu, wazazi na wageni waalikwa, Assalaam alaykum.

Mikufu iliyo mezani mbele yako imefanywa kwa mkono, tangu kuyeyusha hadi kung'arisha. Tunaomba tukueleze kazi yenyewe, kwani maombi yetu yanatokana nayo.

Fedha tunayotumia ni ya 925. Katika gramu 100, gramu 92.5 ni fedha tupu na 7.5 ni shaba, maana fedha tupu ni laini mno kwa mkufu. Reale ya Maria Theresa, ile sarafu ya zamani ya fedha yenye mwaka 1780, ni ya 833 na ina gramu 28 hivi. Ikiyeyushwa, kuifikisha 925 huongezwa gramu 34 za fedha tupu. Kwa maoni yetu, reale ambayo haijatobolewa na ibaki reale, isiyeyushwe.

Fedha ikiyeyuka hunywa hewa, kwa hiyo hufunikwa kwa boraksi na unga wa makaa, ikamiminwa kwenye kalibu ya chuma iliyopashwa moto na kupakwa mafuta. Kalibu yenye unyevu huacha vitundu ndani, na havijulikani mpaka uzi wa fedha ukatike kwenye chamburo, yaani bamba la chuma lenye matundu ya kuvutia uzi.

Hapo kwenye chamburo ndipo subira inapotakiwa. Ncha huchongwa kwa tupa, uzi hupakwa nta na kuvutwa kwa koleo tundu kwa tundu, bila kuruka hata moja. Baada ya matundu matatu au manne uzi huwa umekakamaa. Huzungushwa ukabanwa pamoja, ukapashwa moto hadi wekundu hafifu. Ncha iliyoachwa ikining'inia huyeyuka kwanza. Wekundu huo hutazamwa kivulini. Juani ukiuona, uzi umekaribia kuharibika.

Uzi huviringishwa kwenye kijiti cha chuma, ukakatwa kwa msumeno mwembamba kuwa pete za mkufu, na kila pete ikalehemiwa. Lehemu ni mafungu mawili ya fedha na moja la shaba ya manjano, ikasagwa kwa tupa. Pete nzima ndiyo ipashwe moto, kwani lehemu hukimbilia penye joto zaidi. Ikiingia pete ya jirani, mkufu hukakamaa. Lehemu ya risasi tunaikataa kabisa: kipambo kikirudi motoni, hula fedha ikatoboka. Weusi huondolewa kwa maji moto ya shabu, na humo haitiwi koleo ya chuma, maana shaba hugandia juu ya fedha.

Mheshimiwa, matundu ya chamburo zetu yamepanuka na huukwaruza uzi. Tunaomba chamburo mbili za chuma cha pua, za milimita 3 hadi 0.3, na mizani ya kupima hadi gramu 0.01. La haraka zaidi ni feni ya kutoa moshi dirishani, kwa sababu shaba ya manjano ikiyeyushwa hutoa moshi wa zinki unaoleta homa, na wanagenzi wengi bado ni vijana wadogo.

Tunaomba kuwasilisha.