Mama, Usimsomee Baba Yote

Edinburgh

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, Zuhura mzima, baridi ipo na tuiache hapo hapo.

Nimeandika barua kwa sababu simu yako haitoki kwenye spika. Kila nikifungua mdomo namsikia Baba akikohoa kule nyuma, naishia kuuliza kama mvua imenyesha. Barua hii anakuja nayo Mama Faraja na nimemwambia akupe wewe mkononi. Asimpe Shangazi, hata kama Shangazi ndiye atakayefungua mlango.

Hela nimeituma juzi, laki nane kama Baba alivyoagiza. Nimeituma kwenye laini yako badala ya yake, na sababu utaiona mbele. Usiitoe kabla hujamaliza kusoma.

Halafu kabla sijasahau: nimepandishwa cheo! Sasa mimi ndiye kiongozi wa zamu ya usiku hapa kwenye nyumba ya wazee. Ufunguo wa kabati la dawa nauvaa shingoni, na hakuna kidonge kinachotoka mle bila saini yangu. Wazungu wazima wenye ndevu zao wanakuja kuniuliza mimi tufanyeje. Mpe Shangazi habari hiyo, yeye aliyetangaza msibani kwamba nilikuja huku kufua mashuka ya watu. Mashuka nafua pia, ila hilo halimhusu.

Sasa, Mama, hapa ndipo uanze kumsomea Baba. Mpe kahawa kwanza. Mwambie binti yake anapita kila jioni mtaani kwa James Bond.

Baba, shikamoo. Yule mtu wako, Sean Connery, aliyekuwa akimwigiza Bond, nimeufahamu mtaa wake. Unaitwa Fountainbridge, na basi ninalopanda kwenda kazini linakatiza hapo. Nyumba yenyewe walishaivunja, kimebaki kibao cha kumbukumbu. Siku ya kwanza niliteremka makusudi nikisome, nikachelewa kazini, na nilifanya hivyo kwa ajili yako.

Nilidhani, kama wewe ulivyodhani, kwamba mtu anayevaa suti vile lazima awe wa ukoo wa mabwana. Kumbe! Alizaliwa hapo tarehe 25 Agosti 1930, jina lake la kwanza Thomas, katika nyumba ya vyumba viwili yenye choo cha kushirikiana na majirani. Alipokuwa mchanga walimlaza kwenye droo ya chini ya kabati. Baba yake alikuwa kibarua wa kiwanda cha mpira, kisha dereva wa lori. Mama yake alikuwa mfagizi. Shule aliiacha mapema, akawa anasambaza maziwa ya ushirika wa St Cuthbert's kwa mkokoteni wa farasi. Moja ya sehemu alizopeleka maziwa ni Fettes, shule ya watoto wa matajiri iliyoko hapa hapa mjini. Miaka mingi baadaye Ian Fleming, mwandishi wa vitabu vya Bond, akaandika kwamba Bond amesoma Fettes. Kwa hiyo yule aliyekuwa akiacha chupa nje ndiye aliyekuja kulipwa kwa kujifanya aliyesoma ndani.

Kuna bibi mmoja ninayemhudumia anayeapa kwamba Connery alikuwa akiwaletea maziwa kwao. Nimepiga hesabu ya miaka, enzi hizo bibi mwenyewe alikuwa hajazaliwa. Lakini hapa kila mzee aliletewa maziwa na Connery, kama kwetu kila mzee aliwahi kuchezea Sunderland, Simba ya zamani.

Alipofika miaka 16 akaingia jeshi la majini. Akachorwa chale mbili mkononi, moja ya baba na mama yake, nyingine ya Scotland milele. Vidonda vya tumbo vikamrudisha nyumbani ana miaka 19. Kazi alizofanya baada ya hapo, Baba, hata kijiwe chote cha Mzee Kipara hakijazifanya: lori, kibarua cha mikono, kulinda waogeleaji kwenye bwawa la Portobello, kung'arisha majeneza. Na alikuwa akisimama kwenye chuo cha sanaa wanafunzi wamchore (Mama, hapa kohoa, alikuwa karibu uchi).

Mwaka 1953 akaenda London kushindana kutunisha misuli, mashindano ya Mr Universe. Huko ndiko aliposikia kwamba kundi la igizo la muziki, South Pacific, linatafuta vijana wenye vifua wa kusimama nyuma na kuitikia. Kuigiza alikuwa hajui. Akachukuliwa, wakazunguka na igizo hilo mji kwa mji. Katika ziara hiyo Matt Busby, kocha wa Manchester United, akamwona uwanjani anacheza mpira, akamtaka, pauni 25 kwa wiki. Manchester, Baba! Akakataa. Alisema mchezaji akifika 30 ameshakwisha, naye tayari ana 23. Najua wewe ungemkimbiza na bakora mpaka Old Trafford.

Ninachokipenda mimi ni kingine. Kwenye kundi lile alikuwamo mwigizaji wa Kimarekani, Robert Henderson, aliyemwona kijana ana kitu lakini kichwani hakuna kilichopandwa. Akampa orodha ya vitabu: Shakespeare, Ibsen, Tolstoy na wengine wazito. Basi kila mji walioingia, Connery mchana yuko maktaba na usiku yuko jukwaani. Hana cheti hata kimoja. Mwaka 1957 televisheni ikampa nafasi ya bondia aliyechoka, watu wakaanza kuuliza huyu nani. Mpaka ile 1962, kwenye Dr. No, sinema ya kwanza ya Bond, alipoketi meza ya kamari na sigara mdomoni akataja jina lake, alikuwa na miaka tisa ya kazi hiyo nyuma yake. Wewe ulimwona siku aliyofika tu.

Na lafudhi yake hakuiacha. Amekuwa chifu wa Kimoroko, amekuwa nahodha wa nyambizi ya Warusi, na wote wanaongea kama mtu wa Fountainbridge. Katika The Untouchables ya 1987 ni polisi wa Kiairishi mjini Chicago, lafudhi ni ile ile, na wakampa Oscar. Mimi nikisema "thank you" bado wananiuliza natoka wapi. Nimeacha kujirekebisha.

Baba, neno lako la mwezi uliopita nililisikia, ingawa ulijifanya unaongea na Mama. Kwamba sisi wa Ulaya tunaipenda nyumbani kwa mdomo. Yeye pia aliambiwa hivyo hivyo. Aliishi Hispania, kisha Bahamas, huku akikichangia chama kinachodai uhuru wa Scotland, na magazeti yakamwandama: mbona anapenda nchi asiyolipia kodi? Mwaka 2003 akatoa karatasi hadharani kuonyesha kodi aliyokwisha kulipa Uingereza. Mimi karatasi zangu unazo, ni zile risiti za bati na za hospitali. Julai 2000 Malkia alimpa cheo cha Sir hapa hapa Edinburgh, kwenye jumba la Holyrood, naye akaenda na sketi yao ya kiume, ile ya mirabaraba. Amefia Nassau, Bahamas, tarehe 31 Oktoba 2020, umri 90.

Kuna kisa chake mwenyewe alikuwa akikisimulia. Amepanda teksi hapa Edinburgh, kila mtaa wanaoupita anautaja kwa jina. Dereva akashangaa, umezijuaje njia zote hizi? Akajibu, utotoni nilikuwa napeleka maziwa. Dereva akauliza, kwani siku hizi unafanya kazi gani? Anasema hilo lilimpa shida zaidi kulijibu.

Mimi usiku nikikosa usingizi nahesabu vituo: Magomeni Mapipa, Mikumi, Usalama, Mwembechai. Kuna kimoja kila siku nakisahau, halafu nakikumbuka niko ndani ya lifti.

Hapa Baba aishie. Mwambie nimemsalimia sana, na kwamba nikija nitamletea picha ya kile kibao. Mama, ingia chumbani umalizie.

Idd amenipigia. Najua begi lake Baba alilitoa mpaka barazani mbele ya wapangaji, na viatu vikarushwa tofauti, kimoja kikaingia mtaroni. Najua pia kwamba chuo cha uhasibu hakwenda muhula mzima na alidanganya. Kudanganya nimemgombeza, tena vibaya, mpaka akakata simu. Lakini video aliyonitumia, ile anayoigiza mwenye nyumba anayedai kodi, nimeitazama mapumziko ya saa nane usiku nikacheka mpaka mwenzangu wa Poland akaja kutazama. Haelewi neno hata moja la Kiswahili na alicheka pale pale nilipocheka mimi. Yule mwenye nyumba ni Baba mtupu, Mama. Ile namna ya kuvuta msuli kabla ya kusema neno! Sidhani Baba ameiona. Akiiona ama atacheka ama atamtoa Idd begi mara ya pili.

Mzee huyu huyu, aliyetuambia mara mia alivyoingia Drive-In ya Msasani amejikunja ndani ya buti la gari la watu, hana hewa, ili tu amwone Connery, ndiye leo anayesema sinema ni uhuni. Nilitaka nimwandikie hivyo hivyo. Kalamu ikagoma.

Kuna moja sikuliweka kwenye kipande chake, makusudi. Connery alipewa zaidi ya dola milioni 1 kwa sinema nyingine ya Bond, Diamonds Are Forever, mwaka 1971, akazitoa kuanzisha mfuko wa kusaidia elimu ya vijana wa Scotland, wenye vipaji vya sanaa wakiwamo. Ningemwandikia, angejua mara moja nazungumzia nini. Wewe litafutie siku yake, akiwa ameshiba. Na usidhani nimemfanya malaika. Huyo bwana aliwahi kusema gazetini, 1965, kwamba si vibaya sana kumpiga mwanamke kibao, na miaka zaidi ya 20 baadaye akaulizwa kwenye televisheni akalirudia. Mke wake wa kwanza naye ana yake aliyoyasema. Mimi ni mtoto wa kike niliyelelewa nawe, sitamtetea hapo.

Sasa nikuambie lililonikaa.

Unakumbuka mahafali ya darasa la saba? Nilipewa kuwa malkia kwenye igizo. Ulinifunga khanga yako mpya, ile nyekundu ya mikorosho, ukabana na pini mbili begani kwa sababu nilikuwa mwembamba. Nilikuwa nimesema mistari minne tu Baba alipoingia. Alipanda jukwaani na viatu vyake vya kazini, akanishika mkono, tukatoka kwa mlango wa mbele wote wakitazama. Pini moja ikafunguka njiani, ikanichoma mpaka nyumbani, na sikusema. Wewe ulikuwa safu ya pili, umempakata Idd.

Sikulaumu, Mama. Ungesema nini siku ile na nyumba ilikuwa ya kupanga na unga alikuwa anauleta yeye? Lakini miaka imepita na wewe sasa una genge lako, na mimi nina ufunguo shingoni. Ile mistari iliyobaki bado naijua. Wakati mwingine naisema kwa sauti nikiwageuza wazee kitandani saa tisa, kwa Kiswahili, na kuna mmoja huwa ananiitikia kwa lugha yake sijui ya wapi.

Basi laki nane ile igawe hivi. Laki mbili ni dawa zako za presha na za Baba, usinunue nusu dozi. Laki moja ni ya fundi wa paa, alipwe akimaliza kazi. Ukimlipa kabla, atapotea kama yule wa choo. Laki tano ni ya Idd, Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Nimeshamwambia aende mwenyewe akachukue fomu, aniletee picha ya risiti, na akikosa kwenda hata wiki moja simjui. Na baba mdogo akiuliza habari ya kiwanja cha Chanika, mwambie mahindi avune, ila tofali asiweke hata moja.

Ya Baba namwachia Mama mwenye nyumba. Mimi nitapiga Ijumaa baada ya swala, uzime spika.

Ile khanga nyekundu, kama bado iko kwenye sanduku la chini ya kitanda, mpe Mama Faraja akirudi. Kama ulishaifanya tambara la jikoni, nipe hata hilo tambara.

Wako,
Mwajuma