Msiuze gokati ya marehemu kabla ya kusoma daftari lake

Mhariri,

Anapofariki mtu aliyeshindana kwa gokati, yaani kigari kidogo cha mbio, maisha yake yote bila kulipwa, tanzia yake huwa mistari miwili: alipenda magari, ameacha mjane na watoto. Gokati inakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na daftari lenye madoa ya oili, alimoandika vipimo vya gari lake, linachomwa pamoja na takataka za gereji. Tunaziomba familia, pamoja na ukurasa wenu wa tanzia, zilifungue daftari hilo kwanza. Makombe hayaelezi mengi, na wengi wa watu hawa hawakuwa nayo.

Sehemu ya lawama ni ya waandishi wa michezo, wanaoiona gokati kama chekechea ya Formula One. Haikuanza hivyo. Art Ingels, fundi wa magari ya mashindano huko Glendale, California, aliunda ya kwanza mwaka 1956 akishirikiana na Lou Borelli, wakaifunga injini ndogo ya West Bend yenye nguvu farasi 2.5. Ilikuwa burudani ya watu wazima. Na hao wanaosifiwa kuwa "wamepitia gokati" hawakuitawala wote: Ayrton Senna alimaliza wa pili katika ubingwa wa dunia wa gokati mwaka 1979 na tena 1980, na taji hilo hakulipata kamwe.

Sasa daftari. Ukiona "11/13", hiyo ni presha ya matairi kwa psi, baridi kisha moto. Tairi laini la mashindano huanzia kati ya 10 na 12. Likijazwa kupita kiasi, sehemu ya katikati huungua na gokati huteleza. Likipungukiwa, huchelewa kupata joto. "11/80" ni meno ya sproketi, magurudumu ya mnyororo: 11 kwenye injini, 80 kwenye ekseli, yaani uwiano wa 7.27. Kupunguza jino moja mbele ni karibu sawa na kuongeza manane nyuma, ndiyo maana mzoefu hubadilisha ya nyuma, jino moja au mawili kwa siku, na ya mbele haigusi.

Vipimo vya kiti ndivyo hupuuzwa zaidi, na ndivyo vyenye thamani kubwa. Gokati haina springi wala difu; magurudumu ya nyuma yameshikwa na ekseli moja na huzunguka kwa kasi ileile. Kwenye kona, gurudumu la nyuma la upande wa ndani lazima linyanyuke kidogo, la sivyo ekseli inajiburuta na injini inakosa pumzi wakati wa kutoka. Kinacholinyanyua ni pembe ya usukani, chesisi (fremu ya mabomba) inayojikunja, na uzito wa dereva kupitia kiti. Kiti kikisogea sentimita moja, gari limebadilika. Kwa hiyo kabla ya kukifungua, pimeni umbali kutoka ekseli hadi mgongo wa kiti, kutoka bomba la mbele hadi ukingo wake, na kimo chake kutoka chini. Chunguzeni pia nyufa kwenye mabomba karibu na beringi za ekseli. Chesisi ya misimu mingi hupasuka hapo.

Mchanganyiko wa oili msiubahatishe. Injini za zamani za cc 100 zinazopozwa kwa hewa mara nyingi ziliandikiwa 1:20, maana yake mililita 250 za oili kwa lita tano za petroli, na wengi walitumia mafuta ya nyonyo. Rotax Max, injini ya gokati ya kisasa zaidi, hutumia 1:50, yaani mililita 100. Atakayetia kipimo cha Rotax kwenye injini ya zamani atanokisha pistoni, yaani itashika ndani ya silinda. Mafuta ya nyonyo nayo huganda kama gundi yakikaa, basi mwageni tangi na kabureta mapema, tieni oili kidogo kupitia tundu la plagi, na zungusheni injini kwa mkono.

Kuna jambo la picha pia. Kwenye picha za zamani, dereva aliyeachia usukani kwa mkono mmoja mwishoni mwa barabara iliyonyooka hapungii watu. Anaziba kidogo mdomo wa kabureta ili injini ivute petroli na oili zaidi kabla hajaondoa mguu kwenye kanyagio la mafuta, kwa sababu hapo ndipo injini hizo hunoki: mzunguko bado uko juu na ulainisho umekatika. Mwandishi wa tanzia akiandika "akiwapungia mashabiki", waliokimbia pamoja na marehemu watacheka msibani.

Onyo moja kwa warithi. Namba ya jeti, tundu la kabureta linalopima petroli, iliyoandikwa Nairobi, takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, isitumiwe Mombasa. Hewa ya pwani ni nzito. Jeti hiyo itapeleka petroli kidogo mno, plagi itakuwa nyeupe, na pistoni itatoboka au kushika. Anzeni na jeti kubwa, mshuke hatua moja moja hadi plagi iwe ya hudhurungi.

Kwa tanzia yenyewe, andikeni daraja la mashindano aliloshiriki, injini, aina ya chesisi, viwanja alivyovizoea na aliowafundisha kufunga kabureta. Nafasi ileile ya mistari miwili inatosha.

Ni sisi,
Mafundi na waendeshaji wa gokati,
Nairobi