Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Kifua cha mama si kifua changu

Mheshimiwa Waziri,

Nyumbani kwetu Morogoro tuko wagonjwa wa kifua wawili. Mimi nina pumu tangu utotoni: hunikaba usiku, vumbi likizidi, kisha huachia nikakaa wiki mbili kama siumwi. Mama ana miaka 66, hajawahi kuvuta sigara, ila kapikia kuni tangu usichana. Yeye pumzi haimrudii. Akitoka kisimani husimama mara tatu njiani.

Siku moja tulikwenda zahanati pamoja, tukatoka na bahasha mbili za kaki zinazofanana: vidonge vya aminofilini, dawa ya kupanua njia za hewa, na pampu ya bluu kila mtu. Simlaumu mganga. Foleni ilifika getini, na mezani hakuwa na chochote cha kumtofautishia vifua viwili.

Pampu ya bluu, yaani salbutamoli, hufungua njia za hewa kwa saa chache tu. Uvimbe wa ndani haiugusi. Ndiyo maana tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, unakataza mtu mzima kutibiwa kwa salbutamoli peke yake: aongezewe steroidi ya kuvuta, dawa inayotuliza uvimbe huo. Kwa mama hesabu ni nyingine. Kwa ugonjwa kama wake, COPD, yaani njia za hewa kuziba kwa kudumu, steroidi hiyo husaidia zaidi chembe za damu ziitwazo eosinofili zikifika 300 kwa mikrolita. Zikiwa chini ya 100 faida ni ndogo, na hatari ya nimonia ipo palepale. Idadi hiyo hutoka kwenye kipimo cha kawaida cha picha kamili ya damu. Mama alishapimwa mara mbili! Karatasi ninazo, mstari wa eosinofili upo, hakuna aliyeutazama.

Siombi mashine za mamilioni. Naomba kile kibomba cha plastiki cha kupima nguvu ya pumzi kiwepo kila zahanati. Mgonjwa aulizwe anapikia nini, na kama aliwahi kuugua TB. Pampu ya budesonidi (ndiyo steroidi) na fomoteroli (hufungua njia za hewa), iliyomo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO, ifike hadi vijijini. Na tufundishwe kuvuta: miaka yote mimi nilikuwa napulizia ulimi.

Sasa nimenunua hiyo pampu mpya kwa pesa yangu. Juzi mama kaniomba aijaribu. Nimemnyima, na hadi leo hajaniuliza tena.

Mgonjwa wa pumu,
Morogoro