Asante kaka wa kofia ya bluu pale juu ya genge

Jamani naomba nimshukuru yule kaka ambaye hata jina sikumuuliza, alitukuta juu ya genge mimi na wanangu wawili tunajiandaa kushuka kwenye kale kaufukwe kadogo kule chini, njia yenyewe ni moja tu, nyembamba, mawe matupu na kamba ya kushikilia. Akaniuliza, "Dada, umeangalia maji?" Sikuwa nimeangalia kabisa. Akanielezea taratibu kwamba mwezi ni mpevu, hiyo ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kuliko siku nyingine, maji yakijaa yanafika mpaka ukutani mwa mwamba, na kutoka kupwa hadi kujaa ni kama masaa 6 tu, mchanga wote unamezwa na pa kupandia panazibwa. Nilisikia baridi mwilini, kweli tena.

Tukasubiri mpaka maji yakaanza kutoka ndo akatangulia kushuka kamshika mdogo mkono, akatuonyesha pa kukaa, mbali na ukuta maana mawe yanaporomoka hasa baada ya mvua. Pazuri mno, maji kama kioo! Na muda wa kupanda ulipofika akaja mwenyewe kutuita.

Kaka popote ulipo, asante sana, wanangu mpaka leo wanakutaja.