Msishushe giaboksi kabla ya kuisikiliza klachi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye magari ya zamani ya gia za mkono, hasa Hiace, Hilux na zile Suzuki Carry tunazoziita kirikuu, pamoja na mafundi wenzangu wanaoyatengeneza. Gari likianza kulia upande wa klachi, jibu la gereji nyingi ni moja: shusha giaboksi, nunua seti nzima. Mwenye gari analipia pleti (sahani inayopokea nguvu ya injini), presha pleti (inayoibana hiyo pleti), rilizi beringi (inayoifanya iachiwe ukikanyaga pedeli) na ufundi juu yake, na baada ya muda mfupi mlio uleule unarudi. Mara nyingi unarudi kwa sababu haukuwa wa klachi tangu mwanzo, na jambo hilo lingejulikana kwa dakika chache tu, giaboksi ikiwa bado mahali pake.

Ugumu wa mlio huu ni kwamba unakuja na kuondoka. Asubuhi upo, injini ikipata moto unapotea. Au asubuhi kimya, halafu baada ya foleni ndefu unaanza. Dereva anapofika gereji gari limenyamaza, na fundi anabaki kukisia. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya dereva mwenyewe. Angalia kama injini ni ya baridi au ya moto, kama mguu upo kwenye pedeli au haupo, kama gari limesimama au linatembea, na kama usiku mvua ilinyesha. Andika kwenye simu, na ukiweza rekodi sauti. Mlio ukiwa wa asubuhi tu, mwachie fundi gari lilale gereji aliwashe mwenyewe kabla jua halijapanda.

Sasa kipimo chenyewe. Egesha mahali tambarare, vuta handibreki, zuia matairi kwa mawe, weka gia nyutro. Anza kupima injini ikiwa imezimwa. Mtu mmoja akanyage pedeli taratibu na kuiachia, mwingine asikilize chini ya dashibodi, kisha ubavuni mwa giaboksi. Ikilia wakati injini imezimwa, beringi zote hazina kesi, maana hakuna kinachozunguka. Hapo tafuta bushi za pedeli, springi yake, waya wa klachi kwa magari yanayotumia waya, au uma wa klachi (mkono unaoisukuma rilizi beringi) uliokauka grisi pale unapoegemea. Bushi ni kitu cha bei ndogo na hubadilishwa ukiwa umelala chini ya usukani. Uma nao mara nyingi huharibiwa na kifuniko chake cha raba kilichochanika, kinachoruhusu vumbi na maji ya barabarani kuingia ndani.

Washa injini, iache isilensi, yaani izunguke polepole bila kukanyagiwa mafuta, na usikilize pedeli ikiwa katika hali tatu: mguu haupo kabisa, mguu umegusa kidogo tu, na pedeli imekanyagwa mpaka chini. Fanya polepole na urudie, kwa sababu majibu yote yamo humo.

Mguu usipokuwepo, inputi shafti, ile inayopokea nguvu ya injini na kuiingiza giaboksi, inazunguka sawasawa na injini. Ukikanyaga mpaka chini, pleti inaachiwa na shafti hiyo inasimama. Basi mvumo unaosikika mguu ukiwa mbali, kisha ukafa pedeli inapofika chini, ni wa ndani ya giaboksi: beringi ya inputi shafti, au za shafti ya chini yake. Seti mpya ya klachi haitautibu hata siku moja. Kabla ya kuhukumu beringi fungua nati ya kujazia oili iliyo ubavuni. Gari likiwa limesimama sawa, oili inatakiwa ifike ukingoni mwa tundu. Giaboksi iliyopungukiwa oili hulia hivyohivyo, na hulia zaidi ikipata moto kwa sababu oili kidogo iliyobaki inakuwa nyepesi. Ute wa kijivu kwenye sumaku ya nati ya chini ni wa kawaida kwa gari la umri huo, lakini vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole ni ishara kwamba kuna kitu kinavunjika. Kwa Hiace na Hilux za kusukuma nyuma lipo jaribio la barabarani pia: gia ya nne kwa kawaida hupitisha nguvu moja kwa moja bila kuelemea shafti ya chini, hivyo mlio unaopungua sana kwenye gia ya nne na kurudi kwenye nyingine unakuelekeza kwenye beringi za shafti hiyo ya chini.

Nitoe tahadhari moja hapa. Kuna mgongano mwepesi wa meno ya gia unaosikika injini inapozunguka polepole mno, nao pia hufa ukikanyaga klachi. Pandisha silensi kidogo. Ukipotea, tazama kwanza kama injini inamisi (haichomi sawasawa), kisha springi ndogo za katikati ya pleti ambazo kazi yake ni kumeza mtikisiko wa injini.

Mguu ukigusa kidogo na mlio ukaanza hapohapo, kisha ukazidi kadiri unavyokanyaga, hiyo ni rilizi beringi. Ndiyo inayosukuma vidole (ndimi za chuma) vya presha pleti, na ikishaelemewa hulalamika. Ila kuna sura ya pili inayowapoteza mafundi wengi: mlio mwembamba kama wa kifaranga, unaosikika mguu ukiwa mbali, unakatika ghafla ukigusa pedeli kiasi cha sentimita moja, na ukiachia unarudi. Hapo beringi inagusa vidole kwa mbali bila kubanwa, au uma unachezacheza kwenye egemeo lake. Mguso mdogo unaituliza. Anza kwa kupima nafasi ya bure ya pedeli, yaani umbali inaoshuka kwa kidole kabla haijaanza kuwa nzito. Kwa Toyota nyingi za klachi ya mafuta (isiyotumia waya) ni milimita 5 hadi 15. Kwa gari la waya fuata kitabu chake. Kwenye gari lililoundwa liwe na nafasi hiyo, ikiisha, beringi inazunguka wakati wote, inapata moto, grisi yake inakauka. Dereva anayepumzisha mguu juu ya pedeli kwenye foleni anafanya uharibifu huohuo.

Mlio unaokuja pedeli ikiwa chini kabisa tu, na kuzidi ukiingiza gia huku gari limesimama, ni wa paileti beringi iliyo kwenye ncha ya krenki, shafti kuu ya injini. Wakati huo krenki inazunguka na shafti imesimama, kwa hiyo beringi iliyo kati yao ndiyo inayofanya kazi. Magari mengi ya kuvuta mbele hayana beringi hii, basi mwenye gari asikubali kuuziwa.

Jambo ambalo karibu halipimwi kabisa ni mchezo wa krenki, yaani umbali inaoteleza mbele na nyuma. Kukanyaga klachi kunaisukuma krenki kuelekea mbele ya gari. Ikiwa vizuizi vyake vimelika, sauti hubadilika kila unapokanyaga, wakati mwingine injini inazama hata kutaka kuzima, na kila mtu anailaumu klachi. Weka saa ya kupimia (geji ya mshale inayosoma milimita) kwenye puli ya mbele, mwenzako akanyage na kuachia. Kwa injini nyingi za Toyota kikomo ni milimita 0.30. Ukizidi hapo, tatizo ni la injini, na kuchelewa kunaweza kugharimu bloku.

Wapo na wasingiziaji wengine: bati la kuzuia vumbi lililopinda likagusa flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), bati la joto la ekzosti lililolegea, mauntini ya giaboksi (raba inayoibeba) iliyokatika, beringi ya alteneta. Mkanda wa alteneta ukitolewa na injini kuwashwa kwa nusu dakika, shaka hiyo inakwisha. Na mkwaruzo wa kuondoka mara moja au mbili tu asubuhi baada ya usiku wa mvua huwa ni kutu nyepesi kwenye flaiwili. Uacheni, unajisafisha wenyewe.

Ikithibitika kwamba giaboksi lazima ishuke, basi kazi ifanywe yote kwa mara moja, kwa sababu gharama kubwa ni ya kushusha. Badilisha rilizi beringi na paileti hata kama moja tu ndiyo inayolia. Kagua sili (raba ya kuzuia oili isivuje) ya nyuma ya krenki na ya mbele ya giaboksi, maana pleti mpya ikilowa oili itaanza kutetemesha gari wakati wa kuondoka. Kwa Toyota pleti hukataliwa vichwa vya riveti vikibaki ndani ya uso wake kwa kina cha chini ya milimita 0.3, na vidole vya presha pleti vikilika zaidi ya milimita 0.6 kwenda chini.

Makosa ya kufunga ndiyo yanayozaa milio mipya. Rilizi beringi imefungwa na grisi yake ndani. Ukiiosha kwa petroli umeiua kabla haijafungwa. Giaboksi isiachwe ining'inie kwa shafti ndani ya pleti, kitovu cha pleti kinapinda. Grisi ni ya kupaka nyembamba kwenye meno ya shafti na kwenye maegemeo ya uma, ikizidi inarushwa kwenye pleti. Bolti za presha pleti zikazwe kwa kukingamana, kidogo kidogo, mpaka kipimo cha kitabu. Hiace na Hilux nyingi ni takriban Nm 19 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), na mkono wa fundi aliyezoea nati za magurudumu huzidisha mno.

Kwa wenye gereji nina ombi moja. Kwenye karatasi ya kazi, kabla ya kuandika spea, andikeni mlio ulisikika pedeli ikiwa wapi na injini ikiwa na joto gani. Na kazi ikiisha, mkabidhini mteja beringi ya zamani aizungushe mwenyewe kwa mkono. Iliyochoka inakwaruza vidoleni. Ikizunguka laini bila kucheza, ana haki ya kuuliza kwa nini ilitolewa.

Fundi makanika,
Mwanza